Sauti Zilizonaswa katika Waya

Ukimwuliza mtu muziki ni nini, yamkini atakutajia zeze, ngoma, kinanda na koo la mwimbaji. Hatakutajia mngurumo wa garimoshi wala mwangwi wa chumba kitupu. Nataka, msomaji, tuitazame kazi moja iliyousogeza mpaka huo, nayo haikutungwa Ulaya.

Mwaka 1944, mjini Cairo, Mmisri kijana aitwaye Halim El-Dabh, aliyesomea kilimo, aliazima mashine ya kunasia sauti. Siku zile sauti ilinaswa katika waya mwembamba wa chuma, na mashine yenyewe ilikuwa mzigo wa kumtoa mtu jasho. Aliichukua mpaka kwenye zaar, yaani ngoma ya wanawake ya kupunga pepo, ambayo pwani yetu inazo ndugu zake. Alipokwisha kuzinasa nyimbo hizo hakuridhika kuziweka tu, kama mtu atiaye nafaka ghalani. Alizipitisha katika chumba cha mwangwi, akaziondoa sauti nene za msingi, akaziacha zile nyembamba zinazoelea juu yake. Kipande kinachosikika leo ni cha dakika mbili hivi.

Kisikilize, nawe utadhani waimbaji wako ng'ambo ya ukuta mnene. Maneno hayafahamiki hata kidogo, walakini haja iliyowafanya waimbe inabaki, tena inazidi kusikika. Hapo ndipo penye ubora wa kazi hii. Kasoro zake ni mbili. Ya kwanza ni ndogo: kipande kinakatika ghafula, kama mazungumzo yaliyofungiwa mlango. Ya pili ni nzito. Sifa yote imemwendea mwenye mashine, na wanawake waliotoa sauti zao hatuwataji kwa majina. Kijana atakayenasa nyimbo za bibi yake hana budi kujiuliza ni nani atakayeitwa mtunzi.

Miaka minne baadaye, mwaka 1948, Pierre Schaeffer wa Ufaransa alitunga kazi kwa milio ya magarimoshi, ikatangazwa katika redio.  Mwaka 1952 Mjerumani Karlheinz Stockhausen alifanya kazi katika chumba cha Schaeffer mjini Paris. Na Paul McCartney wa kundi la Beatles, aliyependa kumsikiliza Stockhausen, alileta kanda za sauti zinazojirudia katika wimbo wao "Tomorrow Never Knows" wa mwaka 1966. Hivyo mchezo huo wa sauti ukafika katika santuri za vijana wa dunia nzima. El-Dabh naye alikwenda Marekani mwaka 1950, akafundisha huko miaka mingi, akafariki mwaka 2017.

Wewe huna chumba cha mwangwi, wala si lazima uwe nacho. Nenda kwenye mashine ya kusagia posho, usikilize jinsi mlio wake unavyopanda mahindi yanapokaribia kwisha na unavyozama debe jingine linapomiminwa. Uchore mlio huo karatasini kwa mistari yako mwenyewe, mifupi na mirefu, kisha mpe mwenzako aupige juu ya dawati bila ya kumweleza neno. Mwalimu wa chumba cha pili aombwe radhi kwanza.