Unene wa Nyuzi Kwanza, Madini Baadaye

Anayetaka gitaa lake kavu litoe sauti nzuri zaidi huingia dukani akiuliza chapa. Angeanza na unene, kwa sababu hapo ndipo sauti inapobadilika kweli.

Urefu wa uzi na noti vikibaki vilevile, mkazo wa uzi mtupu wa chuma hupanda kwa mraba wa unene wake. Chukua uzi wa kwanza wa namba 10, yaani sehemu 10 za elfu moja ya inchi, kisha ufunge wa namba 12. Unene umeongezeka kwa asilimia 20 tu, lakini mkazo umepanda kwa asilimia 44: kutoka kilo 7 na ushei hadi 10 na nusu hivi. Seti nzima ya 12 huvuta daraja kwa zaidi ya kilo 70. Uzi mzito ukipigwa, hubeba nguvu nyingi zaidi za kuutikisa ubao wa juu, na ubao huo ndio unaosukuma hewa hadi masikioni mwetu.

Kwa hiyo gitaa lenye tumbo kubwa likifungwa nyuzi za 10 hutoa sauti nyembamba, besi hazishuki. Dogo lenye ubao mwepesi nalo, likifungwa za 13, hukabwa na kuziba. Mimi huanza na 12 kwa gitaa kubwa na 11 kwa dogo, kisha nasikiliza.

Gitaa la nyuzi za nailoni lisifungwe chuma kamwe. Limeundwa kubeba karibu kilo 40, daraja litang'oka.

Madini yanafuata. Nyuzi nene huzungushiwa waya, na bronzi ya 80/20, shaba kwa zinki, hung'aa sana ikiwa mpya lakini hufifia mapema. Ile ya fosforasi, yenye shaba na bati, ina joto zaidi na hudumu. Kwa upigaji wa gumba na kidole cha shahada, kama ule wa mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco ambao mtafiti wa muziki Hugh Tracey aliurekodi Jadotville, Kongo, mwaka 1952, naipendelea hii ya pili: besi za gumba hubaki na mwili hata kwa kidole kitupu. Mombasa au Unguja, chumvi na unyevu huzila nyuzi upesi, hivyo zilizopakwa utando zinastahili bei yake. Asiye nazo afute nyuzi zake kwa kitambaa kikavu kila amalizapo kupiga, juu na chini ya uzi.

Wapiga gitaa wa rumba ya Kongo walikwenda mbali zaidi kwa mpangilio wa nyuzi uitwao mi-composé. Uzi wa nne, re, huondolewa na kuwekwa mwembamba unaotoa re ya oktavu ya juu. Uzi wa kwanza wa kawaida ukishushwa toni moja unatosha. Badala ya besi ya kati unapata mlio mkali unaopenya katikati ya wenzake, na mafungu yaleyale ya vidole yanatoa wimbo mwingine kabisa. Tatizo ni mfereji wa nati, pale nyuzi zinapopita mwishoni mwa shingo, uliochongwa kwa uzi mnene: mwembamba hucheza ndani yake na kuvuma. Kipande kidogo cha karatasi kikikunjwa chini yake, uzi hutulia.