Kamusi Iliyoingia kwa Mlango wa Kiingereza: Istilahi za Biolojia na Fizikia katika Kiswahili cha Kanda

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa mwaka 1990 na iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, bado ni miongoni mwa vitabu ambavyo mtafsiri wa sayansi hukimbilia kwanza. Imelaumiwa mara nyingi, na lawama karibu zote zimekuwa za neno mojamoja: hili limetoholewa bila sababu, lile ni refu mno, jingine halijazoeleka. Makala haya hayaongezi lawama za aina hiyo. Yanahoji mpangilio ambao kamusi hiyo na nyingi zilizoifuata zimeurithi: kidahizo cha Kiingereza upande mmoja, kisawe cha Kiswahili upande wa pili. Nyuma ya mpangilio huo kuna imani isiyotamkwa, kwamba msamiati wa Kiingereza ndio orodha kamili ya dhana za sayansi. Imani hiyo si sahihi, na mashahidi wa kuikanusha wako ndani ya Jumuiya yetu wenyewe, yaani wanaosoma sayansi kwa Kifaransa.

Tuanze na fizikia. Kiingereza kina "speed" na "velocity". La kwanza hupima wepesi wa mwendo bila kujali mwelekeo, la pili huhesabu na mwelekeo. Waundaji wa istilahi zetu walipokuta maneno mawili walijiona wana deni la maneno mawili, wakalilipa: mwendokasi kwa lile, velositi kwa hili. Kifaransa hufundisha fizikia ileile kwa neno "vitesse", na panapohitajika hutajwa kwamba kinachozungumziwa ni vekta. Kijerumani nacho hutosheka na "Geschwindigkeit". Hakuna anayedhani kwamba mhandisi wa Lyon au Berlin haijui tofauti hiyo. Tofauti kati ya skala na vekta ni ya fizikia. Kuibeba kwa maneno mawili yasiyo na udugu ni desturi ya Kiingereza. Kasi na kasi elekezi yangetosha, tena ujamaa wao ungeonekana kwa macho. (Mwendokasi, kwa upande wake, limekwisha kuhama darasani: kwa mkazi wa Dar es Salaam wa leo ni jina la basi, na si mara chache basi lenyewe ndilo linalosubiriwa.)

Mfano wa biolojia una madhara makubwa zaidi. Mitihani inayotungwa kwa Kiingereza hupenda kumtaka mwanafunzi atofautishe "breathing", yaani kuingiza na kutoa hewa, na "respiration", yaani mfululizo wa mabadiliko ya kikemia ndani ya seli yanayotoa nishati kutoka katika chakula. Mtoto wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi ya umma kwa Kiswahili hufika kidato cha kwanza na neno upumuaji, kisha huachwa aamini kwamba lugha yake haikuwa na uwezo wa kuona jambo hilo. Nilihudhuria kikao kimoja cha istilahi kilichotumia sehemu kubwa ya asubuhi kutafuta neno jipya la kuziba pengo hilo. Aliyekatiza mjadala ni mwalimu wa biolojia kutoka Burundi, aliyeuliza kwa upole pengo lenyewe liko wapi. Kifaransa alichosomea kina "respiration" kwa yote mawili; huongeza kivumishi kuonyesha kama ni ya mapafu au ya seli. Upumuaji wa mapafu, upumuaji wa seli: Kiswahili kilikuwa nayo tayari. Tulikuwa tukitafuta tiba ya ugonjwa ambao ni wa Kiingereza.

Sisemi kwamba kila tofauti ya Kiingereza ni ya kupuuzwa. Joto na halijoto ni vitu viwili katika lugha yoyote inayofundisha fizikia, na walioliunda neno halijoto walifanya kazi safi. Kani, nishati na kazi nazo hazina budi kutengana. Lakini hata hapa historia inatuonya tusimdharau mwanafunzi anayeziita zote nguvu. Mwaka 1847 Helmholtz alichapisha andiko lake kuhusu kutopotea kwa kile tunachokiita leo nishati, na neno alilotumia katika kichwa chake ni "Kraft", ambalo leo katika fizikia ya Kijerumani maana yake ni kani. Thomas Young alikuwa amekwisha kupendekeza neno la Kiingereza "energy" mwaka 1807. Utengano huo ulijengwa polepole na watu waliobishana. Haukuwamo katika lugha za Ulaya tangu asili. Kwetu neno nishati limesaidiwa na utawala kuliko darasa: wizara ilipoitwa ya Nishati, wananchi walilizoea kupitia taarifa za habari.

Mlango wa Kiingereza una kasoro nyingine, kwamba kinachojulikana na Kiswahili peke yake hakina pa kuingilia. Mkulima husema mbegu imeota, lakini kisiki kimechipua. Hiyo ni tofauti ya kibiolojia kabisa, kwani katika mbegu pana kiumbe kipya na katika kisiki pana kilekile kinachoendelea kuishi. Kinyume chake, tunapolinganisha "insect" na mdudu bila onyo, tunamtega mtoto. Katika Kiswahili cha kila siku buibui ni mdudu, jongoo ni mdudu, na hata vimelea vya maradhi huitwa wadudu. Mtoto anayemworodhesha buibui anakosa alama kwa kukijua Kiswahili vizuri.

Uwazi wa neno, ambao sisi wanaisimu huusifu sana, nao una gharama. Usanisinuru ni istilahi nzuri: mwenye kujua usanisi na nuru amekwisha kupata nusu ya somo. Mwenzake wa Kiingereza amepewa Kigiriki, tena baada ya kusitasita, kwa kuwa Charles Barnes, mwanabotania wa Marekani, alipoleta mapendekezo mwaka 1893 yeye mwenyewe alipendelea "photosyntax". Lakini kimeng'enya, kutokana na kumeng'enya, kinasema zaidi ya kinachopaswa. Vimeng'enya vingi havimeng'enyi chochote. Vingine hujenga, kama vile vinavyounganisha nyuzi za DNA. "Enzyme" katika Kigiriki hudokeza kilichomo katika chachu, nayo ingekuwa na upotofu wake, ila hakuna mwanafunzi anayeisikia chachu ndani yake. Neno letu linasikika, kwa hiyo linapotosha.

Mambo haya hayahusu wanaisimu peke yao. Rwanda ilihamishia elimu yake katika Kiingereza mwaka 2008. Burundi na Kongo zinafundisha sayansi kwa Kifaransa. Uganda ni ya Kiingereza. Tanzania hubadili lugha kati ya msingi na sekondari. Istilahi zilizokatwa kwa kipimo cha Kiingereza zitamwia mwalimu wa Bukavu tafsiri ya tafsiri. Ninaishauri Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ianze na nyanja za dhana na kuachana na herufi za alfabeti: fasili iandikwe kwa Kiswahili kwanza, safu za Kiingereza na Kifaransa ziwekwe sambamba, na neno lichaguliwe mwisho, mbele ya mwanafizikia au mwanabiolojia. Kazi hiyo itakuwa ya polepole na itagharimu zaidi. Itabidi pia kuyaacha baadhi ya maneno mabaya yaliyokwisha kuzoeleka, kimeng'enya kikiwamo.

Nyanja ya kwanza ingefaa kuwa ile ya kani na nishati, kwa sababu humo "power" bado inayumba kati ya nguvu na uwezo, na maneno yote mawili yana shughuli nyingine. Fasili yake ni kiasi cha kazi kinachofanyika kwa muda fulani. Kasi ya kazi ingeieleza barabara, lakini sijui ni fundi gani wa umeme atakayekubali kuisoma kwenye balbu.