Maneno ya Mlangoni: Uhakiki wa Lugha ya Tovuti za Maktaba

Mnamo mwaka 2012 John Kupersmith, mkutubi wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, alitoa waraka kuhusu maneno ya maktaba ambayo wasomaji huyaelewa. Humo amekusanya matokeo ya majaribio 51 ya tovuti za maktaba. Njia ya majaribio hayo si ngumu: msomaji huketishwa mbele ya kompyuta, hupewa kazi ya kutafuta kitu fulani, naye mchunguzi hutazama tu, bila kumsaidia, aone atabonyeza wapi na atakwama wapi. Matokeo yasikitisha. Waliotakiwa kutafuta makala za kitaaluma walifaulu, kwa wastani, asilimia 52.

Sifa ya waraka huu ni kwamba hauwaulizi wakutubi neno lipi ni sahihi, bali wawatazama wasomaji. Miongoni mwa maneno yaliyowapoteza ni vifupisho na majina ya kibiashara, hifadhidata, katalogi, marejeo. Yaliyowaongoza vizuri ni maneno ya kawaida yenye kitenzi: tafuta vitabu, tafuta makala. Mwanaisimu hatashangaa. Istilahi hutaja chombo kama ajuavyo mwenye chombo. Kitenzi hutaja haja ya mtu aliyekuja.

Hata hivyo, waraka huu wamchukua msomaji wa lugha moja. Majaribio yake mengi yalifanyika katika vyuo vya Amerika Kaskazini, ambako tovuti na msomaji husema Kiingereza. Mwanafunzi wa Lubumbashi au wa Bukavu hufika mlangoni akiwa na Kifaransa cha darasani na Kiswahili cha nyumbani. Neno la Kiingereza “library” lafanana na “librairie” ya Kifaransa, yaani duka la vitabu. (Kiarabu nacho hutumia maktaba kwa maana zote mbili, lakini hilo halimsaidii.) Neno “journals” ni hatari zaidi. Kwa Waingereza ni majarida ya kitaaluma. Kwa asomaye Kifaransa “journal” ni gazeti la habari, na jarida la kitaaluma huitwa “revue”. Mwanafunzi huyo aweza kupita mbele ya mlango autafutao, akidhani ndani mna habari za siasa.

Jambo hili si dogo. Tangu mwaka 2002, Shirika la Afya Duniani (WHO) likiwa limeanzisha mpango wa Hinari, taasisi za nchi maskini zilizojiandikisha hupata majarida mengi ya utabibu bure au kwa bei ndogo. Kongo ni miongoni mwa nchi zipatazo bure. Mipango mingine ilifuata, nayo yote imekusanywa chini ya jina Research4Life. Lakini majina yake ni haya: Hinari, Agora, Oare, Ardi, Goali. Hakuna hata moja limwambialo mgeni kilichomo. Tena msomaji wa Kiswahili akiona “Ardi” atawaza ardhi, udongo na mashamba, kumbe hapo ni pa uvumbuzi na tekinolojia. Kilimo kiko Agora. Kosa la kwanza katika orodha ya Kupersmith limejirudia papo hapo ambapo zawadi imewekwa.

Wako wasemao kwamba majaribio ni gharama. Jakob Nielsen alishajibu: kwa hesabu aliyoitoa pamoja na Thomas Landauer mwaka 1993, mtu mmoja hugundua, kwa wastani, asilimia 31 ya kasoro, na watano hufikia kama asilimia 85. Hesabu hiyo yafaa kwa kutafuta kasoro. Haifai kwa kudai kwamba neno fulani laeleweka na asilimia fulani ya wanafunzi. Nielsen mwenyewe asisitiza kwamba makundi ya watumiaji yakitofautiana sana, kila kundi lipimwe. Wanafunzi watano wa kitivo kimoja, waliosoma shule zilezile za mjini, ni kundi moja.

Kutafsiri tovuti kwa Kiswahili hakutoshi. “Hifadhidata” limeundwa kwa kanuni nzuri, na hakuna mwanasarufi atakayelilaumu. Lakini neno la Kiingereza lililo asili yake lashindwa hata mbele ya wenye Kiingereza. Kulihamisha bila kulipima ni kuhamisha na upotevu wake. Kamati za istilahi hupima neno kwa sarufi na kwa asili yake, mara chache kwa mkono wa msomaji anayesita juu ya kitufe.

Upimaji huo nao wataka uangalifu wa lugha. Kama kwenye ukurasa pameandikwa “majarida”, na mwanafunzi aambiwa “tafuta jarida”, atalinganisha herufi tu, na mchunguzi atafurahi bure. Aambiwe hivi: “Mwalimu amekutuma usome uchunguzi mpya juu ya malaria ya watoto, utaanzia wapi?” Kisha mchunguzi anyamaze.