"Zima Firewall" si dawa

VPN ya chuo imeganda kwenye "inaunganisha", data za tasnifu ziko upande wa pili. Ukitafuta msaada, miongozo mingi inakupa dawa ile ile: zima firewall, washa kompyuta upya, jaribu tena.

Tuipe haki yake: inaonyesha kila kitufe cha kubonyeza, na anayeanza anahitaji hilo. Ubaya wake ni kwamba inatibu kabla ya kupima.

Kuta ziko tatu: wa kompyuta yako, wa mtandao unaotumia, na wa seva kule mwisho. Ule wa Windows, kwa mipangilio ya kawaida, huzuia yanayoingia na kuruhusu yanayotoka. Na kwenye VPN wewe ndiye unayeanza kutoka. Kwa hiyo mara nyingi ukiuzima hujafungua kitu. Umejivua kinga tu, tena kwenye Wi-Fi ya hosteli nzima.

Kipimo rahisi ni kuhamia intaneti ya simu. VPN ikikubali, shaka inahamia kwenye mtandao wa hosteli. Ikigoma kote kuwili, chunguza kompyuta na seva. Ukiambiwa nenosiri si sahihi, basi pakiti zimefika na jibu limerudi, usiusingizie ukuta.

Halafu kuna ile ya "piga ping, ikijibu njia iko wazi". Hapana. Ping hutumia ICMP. OpenVPN kwa kawaida hutumia UDP, poti 1194. Ukuta unaweza kuruhusu moja na kuitupa nyingine kimya kimya, ndiyo maana unasubiri wee bila maelezo. Kwa IPsec nako wanasema fungua poti 500, wanasahau 4500 inayohitajika ukiwa nyuma ya ruta yenye NAT. Mazungumzo yanaanza, kisha yanakwama.

Mwongozo mzuri ungekuachia kitu cha kupeleka kwa watu wa TEHAMA: saa uliyojaribu, anwani ya seva, itifaki, namba ya poti, na matokeo ya jaribio la simu. Ukienda na "VPN haifanyi kazi", utarudishwa kuwasha kompyuta upya. Ukienda na hayo matano, mtu anaweza kuzitafuta pakiti zako kwenye kumbukumbu za ukuta. Pengine wataamua kuipitisha OpenVPN kwenye TCP 443, lakini uamuzi huo ni wao. Kazi yako ni kuonyesha njia ilipozibwa.