Nafsineni katika Wimbo wa Kufungia Filamu: Mfano wa "Gollum's Song"

Wahakiki wa filamu huelekea kuufunga uhakiki wao pale hadithi inapokoma na orodha ya majina ya watayarishaji inapoanza kupanda kiwamboni. Wimbo unaoambatana na majina hayo huhesabiwa kuwa pambo tu au mbinu ya kuuzia kanda, na mara nyingi ndivyo ulivyo. Hata hivyo, katika filamu tatu za The Lord of the Rings alizoziongoza Peter Jackson (2001–2003), upo wimbo mmoja usiokubali kutengwa na hadithi. Huo ni "Gollum's Song", unaofunga filamu ya pili, The Two Towers (2002). Maneno yake ni ya Fran Walsh, mmoja wa waandishi wa filamu yenyewe. Muziki ni wa Howard Shore, na mwimbaji ni Emilíana Torrini wa Iceland.

Tukumbuke filamu inavyokoma. Sméagol, aliyekuwa ameanza kumwamini Frodo, amekamatwa kidimbwini na kupigwa, naye anaamini kuwa Frodo ndiye aliyemsaliti. Mwishoni nafsi zake mbili zinashauriana na Gollum anashinda: Frodo na Sam wataongozwa kwenye mauti. Kamera inapaa juu ya miti kuelekea Mordor, kisha giza, kisha wimbo.

Nafsineni ni nani? Sauti ni ya mwanamke, ilhali mhusika ni kiumbe wa kiume mwenye sauti ya kukwaruza. Yamkini pengo hilo ndilo linalotuwezesha kumsikia yule aliyekuwako kabla ya Pete kumharibu. Lakini mtunzi hakuishia kwenye huruma. Kiitikio cha kwanza kinaomboleza upotevu katika nafsi ya kwanza wingi, na wingi huo ni wa kiumbe mmoja, kwani Gollum hujiita "sisi" tangu katika riwaya ya J.R.R. Tolkien. Kiitikio kinaporudi mwishoni, nafsi ya kwanza imekuwa ya pili. Hukumu ileile sasa anatupiwa msikilizaji. Maombolezo yamegeuka laana. Ushindi wa Gollum, ambao filamu iliuonyesha kwa mazungumzo marefu, wimbo unautimiza kwa kubadilisha kiwakilishi kimoja.

"Into the West" (2003), ulioimbwa na Annie Lennox na kupata tuzo ya Oscar mwaka 2004, hauna mgogoro huo. Ni wimbo wa kuliwaza, tena mzuri; lakini waweza kuimbwa katika matanga yoyote, na huenda ndiyo sababu ulipendwa zaidi. "Gollum's Song" ukiung'oa kwenye filamu, asemaye hajulikani.

Anayelaaniwa je? Kiwakilishi cha Kiingereza hakibainishi umoja na wingi. Anaweza kuwa Frodo, au Sméagol anayefukuzwa na nafsi yake ya pili, au sisi watazamaji tuliomcheka kiumbe huyu kwa karibu saa tatu. Mfasiri wa Kiswahili hana maficho hayo. Akitumia m-, ukumbi mzima unashtakiwa, ila mgogoro wa ndani unapotea. Akitumia u-, watazamaji wanaponea. Mimi ningechukua u-, kwa kuwa Gollum amlaumupo Sméagol humlaumu mmoja, na kabla ya kumsaliti Frodo alikwisha kumsaliti huyo.