"Tumefika" Si Neno?



Leo nina lalamiko dogo, ila naona linatugusa sote tunaolea watoto ughaibuni. Ni kuhusu michezo ya kompyuta ya kupanga herufi: unapewa herufi zilizovurugwa, unazipanga mpaka zitoe neno, halafu unaoneshwa maana yake. Rafiki alituletea mmoja wa Kiswahili. Jina lake naliweka kando.

Binti yangu ana miaka tisa, amezaliwa hapa Uingereza. Alipewa M, K, T, F, A, U, I, E. Akakuna kichwa weee, mwisho akapanga TUMEFIKA. Herufi zote nane! Mchezo ukamjibu kwa rangi nyekundu: si neno. Akanigeukia: "Baba, kwani sisi nyumbani huwa tunakosea?"

Hivi ungemjibu nini? Neno hilo tunalisema kila tukiegesha gari mlangoni.

Kosa naliona hivi. Mtengenezaji amechukua orodha ya kamusi akaimwaga humo kama ilivyo. Kamusi zetu, tangu ile ya Frederick Johnson ya 1939 hadi Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ya 1981, zinaingiza kitenzi kwa shina lake. Utakuta "fika", hutakuta "tumefika". Kamusi haina lawama, haiwezi kuandika nimefika, hatujafika, mtakapofika na nduguze wote. Lawama ni ya aliyeifanya orodha ile kuwa hakimu. Mwingereza anahitaji maneno matatu kusema alichosema mtoto kwa neno moja, na mchezo umepimwa kwa kipimo cha Mwingereza.

Kipimo hicho kina historia. Alfred Butts, Mmarekani aliyebuni Scrabble miaka ya 1930, alihesabu herufi katika magazeti ya Kiingereza ndipo akapanga vipande vyake. Kwa lugha yake alifanya kazi safi. Lakini katika seti ile ya Kiingereza E ni 12, A ni 9, na K ni moja tu, tena ya pointi tano. Jaribu kucheza Kiswahili kwa K moja! Utapata "kuku"? Na Q na X utazipeleka wapi?

Tena kuna suala la herufi zenyewe. "Chungwa" likivurugwa linatoka C peke yake, H peke yake. Katika Kiswahili Sanifu C haina maisha bila H. Na "ng'ombe" mchezo huu umemnyang'anya kibainishi, akawa "ngombe", na mtoto akamsoma hivyo hivyo.

Lakini tuwe waadilifu. Binti yangu alikaa na Kiswahili saa nzima bila kulazimishwa, jambo ambalo mimi na vitabu vyangu hatujaliweza. Na vitu vizuri vimo. Chukua A, I, L, M: utapata mali, mila, lima, lami, na hata imla. Herufi nne, maneno matano. Mtoto alicheka alipoona lami ya barabarani inatoka mle mle ilimotoka mila ya bibi yake.

Kinachonisikitisha ni kwamba pwani mchezo wa aina hii tulikuwa nao, na ulifuata maumbile ya lugha. Nauzungumzia kinyume. Wakubwa walikitumia wakitaka watoto wasielewe, nasi watoto tukakiiba. Unachukua silabi ya mwisho unaitanguliza: "mali" inakuwa "lima", "chapa" inakuwa "pacha", "kaza" inakuwa "zaka". Mara nyingi halitoki neno lenye maana, na hapo ndipo msikilizaji anapotoa jasho. Si jambo la juzi. Edward Steere aliweka mifano ya kinyume katika kitabu chake cha Kiswahili cha 1870. Kwa nini basi tusivuruge silabi badala ya herufi? "Chu" ikae pamoja, "ngwa" ikae pamoja, na M ya "mtu" ihesabiwe silabi kamili, kwani ndivyo ilivyo.

La mwisho ni maana. Mtoto alipanga MBUZI, akaambiwa: mnyama wa kufugwa. Sawa. Lakini mbuzi anayemjua yeye yuko jikoni, mama yake anamkalia akikuna nazi. Mchezo umemfundisha mbuzi mmoja na kumfuta mwingine. Sentensi moja tu chini ya neno ingetosha kumrudisha.

Sisemi tuitupe michezo hii. Nasema anayeitengeneza akae na msemaji mzawa japo wiki moja kabla hajaitoa, na sisi wasomi tuache kucheka pembeni tukasaidie. Maana mtoto wa huku akiambiwa na mashine kwamba lugha ya mama yake si neno, ataiamini mashine.

Nilimjibu binti yangu: "Hatukosei mwanangu, mchezo ndio haujafika." Alicheka. Lakini jioni ile, tulipoegesha gari, alisema kwa Kiingereza.

Nawasilisha. Mwenye hoja tofauti anisahihishe.