Anayefungiwa Nyumba Aende Wapi?

Gemu yenyewe bado haina jina. Jirani yangu hapa Tassia ameichora kwa kalamu nyuma ya boksi la friji. Kete ni vifuniko vya soda, wachezaji ni wanne hadi sita, na kila mzunguko ni mwezi mmoja. Unapokea mshahara, unalipa nauli ya kwenda tao, unanunua mitungi ya maji, halafu tarehe 5 inafika. Ukikosa kodi, msimamizi wa ploti anaweka kufuli mlangoni na wewe umetoka mchezoni.

Nimeicheza mara sita. Ni gemu kali, mpaka tufike kwa hilo kufuli.

Ukali wake uko hivi: landilodi hayuko mezani. Kwa Monopoly kila mtu anakaa akiota kuwa landilodi. Hapa hana hata kete. Pesa inaenda kwake na hakuna anayemwona. Pia kuna kadi ya mvua: ikitoka, nauli inapanda kwa wote, na meza nzima inaguna pamoja.

Kanuni ndizo hoja ya gemu. Elizabeth Magie, Mmarekani, alilijua hilo. Mwaka 1904 alipewa hataza ya The Landlord's Game, aliyoitunga kuonyesha jinsi kodi inavyomnenepesha mwenye ardhi na kumkausha mpangaji. Baadaye ikawa na kanuni za aina mbili: moja mtu mmoja anameza wote, nyingine wote wanapata. Mwaka 1935 Parker Brothers walinunua hataza yake kwa dola 500. Monopoly tunayoijua ina zile za kumezana tu.

Ndiyo maana kufuli la jirani linanikera. Mara ya mwisho, msee mmoja alifungiwa mwezi wa tatu. Alibaki akibonyeza simu, kisha akaenda zake. Nilipolalamika, jirani akanijibu, "Si mtaa ndio uko hivyo?"

Hauko hivyo. Karo iliponishinda niliacha chuo, na muda si muda nikafungiwa keja. Sikuhama Tassia. Nililala kwa mshkaji wiki saba, tukigawana unga na tokeni za stima. Nilikuwa bado mchezoni, ila nikisukuma kete ya mtu mwingine. Hata kwenye kadi, ile ya karata tunayoicheza kila mahali, ukiadhibiwa unaokota kadi zaidi. Mkono unajaa, lakini zamu yako inarudi.

Pendekezo langu: aliyefungiwa aombe kuhamia kwa mchezaji mwingine, wagawane mshahara na gharama, warushe dadu kwa zamu. Mwenyeji akubali au akatae, mbele ya wote. Hapo ndipo gemu itakuwa ngumu kweli, kwa sababu kumkatalia mtu usoni si kama kumlaumu landilodi ambaye hayuko.

Jirani anasema wazo si baya, shida ni kwamba boksi limejaa. Nimemtafutia lingine.